Mbunge wa viti maalumu anamwakilisha nani hasa?

Wakuu, tulijadili hili bila ushabiki wa vyama. Kila viti maalumu, vile vya wanawake wanaoingia bungeni bila kugombea jimbo, vikiguswa, jibu ni lilelile: wale wanawawakilisha wanawake wa Tanzania, basi. Mimi hapo nagoma.

Kufanana na mtu ni jambo moja, kutumwa naye ni jingine. Wanawake wakiwa wengi, sura ya Bunge inabadilika, na hilo silibezi. Katiba inataka wasipungue asilimia 30. Ila nani kawatuma? Kwa CCM, wajumbe wa UWT, jumuiya ya wanawake ya chama hicho, wanapiga kura ukumbini mkoani, majina yanapanda juu, chama kinapeleka orodha Tume ya Uchaguzi, viti vinagawanywa kwa uwiano wa kura za vyama. Mama muuza mchicha wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, hayumo humo. Akisahauliwa miaka mitano, atamwadhibu nani? Katiba yenyewe inajua tofauti hiyo, ndiyo maana Waziri Mkuu lazima awe mbunge wa jimbo.

Halafu kuna wale wabunge 19 wa viti maalumu wa CHADEMA. Novemba 2020 wakaapishwa, chama kikasema hakikupeleka majina, kikawavua uanachama, wao wakabaki bungeni. Mwananchi hakuwapigia kura, chama kimewakana. Posho ile ilikuwa ya kumsemea nani?

Kenya tangu 2013 kila kaunti, zote 47, inamchagua mwakilishi wake mwanamke kwa kura ya moja kwa moja. Sisi tufanye kwa mikoa.

MCHANGIAJI WA KWANZA:
Mkuu, usiwaonee kina mama. 2020 wapo wabunge wa majimbo waliopita bila kupingwa, nao walitumwa na nani? Na kura ya mkoa mzima inataka fedha: mafuta, fulana, wapambe. Wanaoingia leo kupitia kundi la wenye ulemavu utawaona tena? Kuna mambo asipokuwepo aliyeyapitia hayasemwi kabisa. Taulo za kike, mwanaume gani angesimama kuzisemea?

MLETA MADA:
La kupita bila kupingwa nakubali, ni ugonjwa uleule. Kundi la wenye ulemavu libaki na utaratibu wake, sina ugomvi nalo. Ila taulo za kike umezitaja mwenyewe. Kodi yake ya VAT ilifutwa 2018, mwaka uliofuata ikarudishwa, na wanawake bungeni walikuwa zaidi ya theluthi. Kusema, walisema. Bajeti ikapita vilevile, kwa sababu aliyeshika orodha ya viti maalumu ya uchaguzi wa 2020 alikuwa chama, siyo mnunuzi wa taulo.