Nina miaka 64, mifupa imedhoofika: nianze homoni au nimechelewa?

Bi_Kibirizi
Habari zenu ndugu zangu. Niko Kigoma, hedhi yangu ilikoma nikiwa na miaka 49. Mwezi wa tatu niliteleza uani na ndoo ya maji, nikajizuia kwa mkono, ukavunjika. Nikafungwa hogo wiki sita. Mwanangu hakuridhika, akasema mtu kuanguka akiwa amesimama tu hakutoshi kumvunja. Akanipeleka Dar nikapimwa mifupa kwa mashine, nyonga ikasoma -2.8, yaani mfupa umepungua nguvu.

Mdogo wangu yuko Uingereza, anatumia vibandiko vya homoni tangu ana miaka 52 na anavisifu sana. Yuko tayari kunitumia. Natamani, maana naogopa. Jirani yangu wa mtaa wa Mwanga alivunjika nyonga mwaka juzi na mpaka leo hajainuka kitandani. Nianze?

Nesi_Mstaafu_Tabora
Pole sana dada. Vibandiko hivyo usivipokee kwanza. Sikatai kwamba homoni inalinda mifupa: estrojeni, homoni ya kike iliyomo humo, ndiyo inayozuia mfupa usimomonyoke haraka kuliko unavyojengwa. Ila mdogo wako alianza mapema, wewe hedhi imekoma miaka 15 iliyopita. Madaktari kwa kawaida huanzisha kabla ya miaka 60, au kabla ya miaka 10 kupita tangu hedhi ikome. Baada ya hapo hofu ya kiharusi, moyo na damu kuganda huwa kubwa. Kulikuwa na utafiti Marekani wa wanawake zaidi ya 16,000 wa miaka 50 hadi 79 waliopewa estrojeni pamoja na projestini (homoni ya pili, ya kukinga mji wa mimba), au vidonge visivyo na dawa. Kwa waliotumia homoni kuvunjika nyonga kulipungua kweli, lakini kiharusi, damu kuganda na saratani ya matiti vikaongezeka. Ukasimamishwa 2002.

Na kizazi unacho? Kama unacho, estrojeni peke yake inaweza kuleta saratani ya mji wa mimba. Dawa ya mdogo wako ilipimwa kwa mwili wa mdogo wako.

Hiyo -2.8 ni ugonjwa wa mifupa tayari (kuanzia -2.5 kushuka), tena umeshavunjika. Unahitaji dawa, ila ziko nyingine za mifupa zisizo homoni. Muulize daktari.

MamaWawili_Urambo
Mama, mimi nina miaka 67, nameza alendroneti, dawa ya mifupa isiyo homoni, ya miligramu 70, kidonge kimoja kila Jumapili. Naamka, nakimeza tumbo tupu kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha silali wala sili kwa nusu saa. Mwanzoni nilikimeza na chai nikarudi kulala, nikapata kiungulia cha kuniliza. Kabla ya kuanza walinipima figo na kuniuliza kama nina jino la kung'oa.

Kijana_wa_Ujiji
Shikamoo mama. Bibi yangu aliangushwa na mkeka sebuleni, tena usiku akielekea chooni. Tuliutoa, tukaweka taa ya sola koridoni na chuma cha kushikia ukutani. Macho yako umepima? Na dagaa wetu kula na mifupa yake, kalsiamu imo humo. Bibi alikuwa anatoa vichwa, tukamwomba asitoe.

Bi_Kibirizi
Marahaba mwanangu. Asanteni nyote. Kizazi ninacho, na sikujua kama hilo lina uzito wowote. Nesi, kuna jambo sikuandika: mwaka juzi mguu wa kushoto ulivimba, nikaambiwa damu imeganda, nikatumia dawa miezi mitatu. Nilidhani halihusiani na mifupa.

Nesi_Mstaafu_Tabora
Linahusiana mno, dada yangu. Hilo liseme la kwanza ukiingia kwa daktari, kabla hata ya kumwonyesha karatasi ya vipimo. Na mdogo wako mpigie leo asitume kitu.

Bi_Kibirizi
Nimeshampigia. Alikuwa amefunga kifurushi tayari. Kliniki ni Jumanne, nitakwenda na mwanangu.