Tandu wawili wa shambani: aina moja au mbili?

Mkwezi_Muheza

Wakuu, heshima zenu. Niko Muheza, kazi yangu kufua nazi. Juzi nachambua lundo la makumbi lililokaa tangu masika, akachomoka tandu mrefu kama kiganja changu. Mgongo manjano, kila pingili ina mstari mweusi kwa nyuma, kichwa chekundu utadhani kapaka rangi ya mdomo. Jana tena, chini ya tofali la kisimani, nikakuta mwingine mkubwa kumshinda huyo, mweusi wa kijani kijani, miguu samawati.

Shemeji yangu anasema wa kichwa chekundu ndiye dume, huyu mwingine jike. Bibi anasema yule mwekundu ni mtoto, akikua ndo anakuwa mweusi. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Nimewatia kila mmoja kopo lake (sikuwachanganya, wale hulana). Huyu mkubwa nimehesabu miguu mara mbili, nimepata jozi 22. Picha hizo hapo. Nijibuni mapema, mke wangu anadai makopo yake.

MamaWatatu

Makopo hayo usiyarudishe jikoni, kaka yangu. Nunua mengine.

Mwalimu_Bayo

Mkuu, 22 haipo, rudia kuhesabu. Jozi za miguu ya tandu mzima kwa kawaida hazigawanyiki kwa mbili. Wapo wa 15, wapo wa 21 au 23, na wale wembamba kama uzi wanaoishi udongoni wanaanzia 27 na kufika 191. Ndiyo maana Wazungu wanaomwita "mwenye miguu mia" wamekosea: mia ni jozi 50, na 50 inagawanyika.

Jozi yako ya 22 naijua ilikotoka. Umehesabu makoleo ya sumu, yale yaliyojikunja chini ya kichwa. Wala hukuwa mjinga, maana kwa asili yale ni miguu kweli, jozi ya kwanza iliyogeuka kuwa silaha. Ndiyo tandu anayokuuma nayo, si meno. Ila kwenye hesabu hayaingii. Anza na jozi inayokanyaga chini.

Sasa ubishi wenu. Rangi iacheni kabisa. Picha ya kwanza naiona ni *Scolopendra morsitans*, aliyepewa jina na mwanasayansi Linnaeus mwaka 1758, na huyo rangi zake hazitabiriki: huku wa manjano mwenye mistari, kwingine mweusi mtupu. Wa pili nahisi ni *Ethmostigmus trigonopodus*. Nasema nahisi kwa sababu picha umepiga kwa juu, na jibu liko ubavuni.

Fanya hivi. Weka kopo kwenye friji dakika chache apoe, awe mzito. Usimshike kwa vidole hata akionekana amekufa. Piga picha ya ubavu kwa simu, kisha ikuze. Juu kidogo ya miguu kuna matundu ya kupumulia, na hayako kila pingili. *Scolopendra* anayo kwenye pingili ya 3, ya 5, ya 8, ya 10, halafu anaruka moja moja mpaka ya 20. *Ethmostigmus* anayo hizo zote na ya 7 pia, tena matundu yake ni makubwa, ya duara, yamefunguka wazi. Kwa mwenzake ni kama pembetatu iliyobanwa. Kwa hiyo tafuta mguu wa 7, panda nao juu, uniambie umeona nini.

Kijana_Pangani

Wa kwetu ana kama majani mawili mkiani, ukimsumbua anayatikisa yanatoa sauti ya kukwaruza. Huyo naye ni dume la nani? 😂

Mwalimu_Bayo

Huyo si wa ukoo wa shemeji. Ni *Alipes*, na hayo majani ni miguu yake ya mwisho iliyobapa. Tanzania anapatikana. Jenasi yake (kundi la aina zinazokaribiana) hata mtoto ataitambua kwa mkia huo, ila spishi (aina yenyewe) sikutajii bila kumwona vizuri.

MamaWatatu

Na yule wa bafuni, miguu mirefu kama buibui, anakimbia ukiwasha taa?

Mwalimu_Bayo

Jozi 15, dada. Oda (kundi kubwa) nyingine kabisa, na matundu yake ya kupumulia yako katikati ya mgongo. Mwache ale mende.

Mkwezi_Muheza

Nimerudi. Friji nimeazima ya jirani, sikumwambia ya nini. Mkubwa: jozi 21, makoleo nimeyaacha. Pale mguu wa 7 kuna tundu wazi, la duara, kama tobo la sindano ya cherehani. Yule mwekundu naye jozi 21, nikaenda wa 7, hakuna kitu, gamba tupu. Nikasogea wa 8, lipo, limejibana.

Kwa hiyo ni wawili tofauti, wala si baba na mtoto. Bibi nimemwambia, kasema hayo matundu yatakuja akikua. Shemeji kaangalia picha muda mrefu, kanyamaza, halafu kauliza: "Sawa, huyo mwekundu peke yake, ni dume au si dume?"

Mwalimu_Bayo

Hahaha. Bibi mwambie kwa heshima kwamba tandu wa jenasi hizi mbili anazaliwa na miguu yake yote na matundu yake yote, anaongezeka ukubwa tu.

Shemeji naye ana swali zuri. Kwa *morsitans* aliyekomaa, angalia miguu ya mwisho kwa juu. Ikiwa imebapa na ina kingo zilizoinuka pembeni, ni dume. Ikiwa mviringo, ni jike. Piga picha kabla hajapata joto.

Mkwezi_Muheza

Imebapa. Simwambii.