Mrejesho: adui wangu mkuu sasa anaogopwa

Wapendwa, narudi kama nilivyoahidi. Niliwauliza kwa nini adui niliyemtunga kwa mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi, Dungeons & Dragons yetu ya Jumamosi, hapa Kampala, aliuawa ndani ya raundi mbili na hakuna aliyemkumbuka. Mkaniambia: mpe kitu anachokitaka, na mpe pa kukimbilia.

Nikamtupa adui huyo, mchawi wa mnarani, nikarudi kwenye hadithi aliyotusimulia bibi, ya Kintu, mtu wa kwanza wa Waganda. Mkewe Nambi alirudi mbinguni kuchukua nafaka ya ulezi ya kulisha kuku, kaka yake Walumbe, yaani Kifo, akamfuata. Walumbe aliomba mtoto wao mmoja wa kumpikia, akanyimwa, ndipo akaanza kuwaua watoto hao. Kaka yao mwingine, Kayikuzi, alipokuja kumkamata, watu waliagizwa wakae kimya. Watoto wakapiga kelele, naye Walumbe akazama ardhini kule Ttanda, mahali penye mashimo huko Buganda. Kila kitu kimo humo: kisa, makazi na udhaifu!

Wangu nimempa jina jingine, lakini sheria ni ileile. Mchezaji akipaza sauti mezani, narusha dadu ya pande 20. Ikija 15 au zaidi, adui anapotelea shimo jingine. Jumamosi walinong'ona saa nzima. Mmoja aliandika mpango wake kwenye karatasi ya chapati, mafuta yakichuruzika juu ya maneno. Adui amebakiwa na pointi 9 za uhai, simu ya mtu ikalia. Dadu ikatoa 17.

Hakuna aliyesema neno. Asanteni sana, kwa moyo wote. Sasa wanataka kujua kama lile deni la mtoto linaweza kulipwa kwa njia nyingine, nami naliandika usiku huu.