Nimepanda cheo, lakini presha ya mama haishuki: naomba ushauri wenu

Binti wa Ujiji (mleta uzi)

Ndugu wanajamvi, salaam.

Mimi ni mwanamke wa miaka 44, mzaliwa wa Ujiji, na kwa sasa ni mhasibu katika ofisi ya umma Dodoma. Baba alitangulia mbele ya haki miaka mingi iliyopita, na mama, ambaye sasa ana miaka 71, alitulea kwa kuuza dagaa na mawese. Tuko wawili: mimi na mdogo wangu wa kiume, aliyeishia darasa la saba akaingia ziwani. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo linaloniumiza: ada iliyopatikana ilitosha mtoto mmoja, na mtoto huyo nikawa mimi.

Tangu nipandishwe cheo mwaka 2021 nimemjengea mama nyumba ya vyumba vitatu yenye vigae, nimemvutia maji hadi ndani, na kila mwisho wa mwezi namtumia shilingi laki mbili. Humo ndimo ilimo hela ya dawa za presha, maana nafasi nne za wategemezi katika bima yangu zimejaa watoto wangu. Niliamini kwamba kadiri ninavyopanda, ndivyo afya yake itakavyotengemaa.

Mwezi uliopita nilikwenda likizo nikakaa naye wiki mbili. Vipimo vyake huandikwa katika daftari dogo la kliniki lenye jalada la buluu, na usiku mmoja nililipitia ukurasa kwa ukurasa. Mwaka niliomaliza nyumba nilitegemea kuona namba zikishuka; zilibaki palepale, 160 kwa 95, 165 kwa 100. Kipimo kibaya kuliko vyote, 190 kwa 110, kilikuwa cha Julai 2024. Nilijiuliza Julai ile kulikuwa na nini, ndipo nikakumbuka kwamba Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka ule, na mdogo wangu alikuwa amekaa nyumbani na watoto watano bila kipato chochote. Mwezi huohuo mimi nilimtumia mama picha za gari langu jipya.

Asubuhi yake nilifungua kopo la majani ya chai anamohifadhi dawa. Vidonge vilikuwa vimekatwa nusu nusu kwa kisu na kufungwa vizuri katika karatasi ya daftari. Nilipomuuliza alijibu, "Nusu inanitosha mwanangu, wale watoto nao lazima wale." Kumbe hela ya dawa ndiyo unga wa nyumba ya pili. Hapo sijataja michango. Zamani mama alitoa elfu mbili msibani akashukuriwa. Sasa anaitwa mama wa bosi, na jina hilo lina bei yake, naye huilipa kwa sababu hataki niaibike.

Mwaka jana nilimleta Dodoma akakaa miezi mitatu. Dawa alimeza kamili na presha ikashuka kidogo, lakini alishinda ameketi karibu na geti akisubiri apite mtu wa kumsalimu, usingizi ukampotea, akakonda, hatimaye akaomba kurudi.

Naomba mnishauri. Nimchukue moja kwa moja hata kama hataki? Niongeze matumizi? Au nimwinue kwanza mdogo wangu, kwa kuwa naanza kuamini kwamba afya ya mama imefungwa kwenye maisha ya huyo mdogo wangu kuliko yangu? Mume wangu anaona hilo la mwisho ni kujitwisha mzigo usio na kikomo, na simlaumu, kwa maana naye ana wazazi Singida wanaomtegemea.

Muuguzi Mstaafu

Pole sana, mwanangu. Nimefanya kazi kliniki mkoani Kigoma hadi nikastaafu, na kopo kama hilo nimeliona mara nyingi.

Kabla ya kuzungumzia familia, tuanze na vidonge, kwa sababu haviwezi kusubiri. Presha ya 160 haiumi, ndiyo maana mzee huona nusu inatosha, lakini inaendelea kuichosha mishipa ya ubongo, moyo na figo kimyakimya. Arudishwe kwenye dozi kamili na daktari, si kwa kujikadiria nyumbani, na apimwe sukari na figo siku hiyohiyo. Muulize pia kama anameza dawa za magoti. Wazee wetu wengi hununua diklofenaki dukani kwa ajili ya maumivu ya viungo, na dawa hiyo hupandisha presha na kudhuru figo. Dagaa waliokaushwa kwa chumvi waloweshwe na maji ya kwanza yamwagwe. Wote wa nyumbani wajue kwamba mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakianza kukokota, anapelekwa hospitali saa ileile, hata kama ni usiku.

Kuhusu bima, angalia kama mtoto wako wa kwanza bado anastahili nafasi hiyo kwa umri wake. Akitoka yeye, mwandikishe mama, kwa kuwa mzazi anahesabika miongoni mwa wategemezi. Dawa ikitoka kwa kadi haigeuki unga.

Mwalimu, Tabora

Dada yangu, ulichokiona katika daftari la mama yako kimewahi kuwashughulisha wataalamu. Mwaka 2014 watafiti Esther Friedman na Robert Mare walichapisha utafiti uliofanywa Marekani, ambao ulionyesha kwamba wazazi ambao watoto wao walisoma zaidi waliishi muda mrefu zaidi, hata baada ya kuzingatia elimu ya wazazi wenyewe, na uhusiano huo ulikuwa mkubwa zaidi kwa magonjwa yanayotokana na mwenendo wa maisha, kama vile saratani ya mapafu. Mimi nausoma hivi: mtoto aliyesoma humfaa mzazi anapokuwa karibu kiasi cha kuona anachokula, anachovuta na anachokimeza. Wewe ulituma fedha miaka yote hiyo, na daftari umelisoma mwezi uliopita. Sikulaumu hata kidogo. Mimi mwenyewe wazazi wangu wako Sikonge, si mbali na hapa, na kuna miezi inapita sijafika.

Mama Kasulu

Usimhamishe. Mti mkubwa hauhamishwi ukapona. Mpe simu awe anaongea na wajukuu, basi.

Mvuvi wa Kibirizi

Mimi ndiye huyo mdogo wako, ingawa si wako, ni wa dada mwingine aliye Dar es Salaam.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi inapowaka tunakaa nchi kavu, na kila mwezi kuna siku ambazo nyumba inaishi kwa madeni. Siku hizo mama huja na kibakuli cha unga amekifunika kwa kanga, nami najua kimetoka kwa dada. Nakipokea kwa sababu watoto wana njaa, kisha silali. Mama akiugua usiku, ninayembeba ni mimi, ninayekesha naye wodini ni mimi, na dada akifika baada ya siku tatu na mkoba wake, daktari huzungumza na yeye.

Ukitaka kumsaidia mdogo wako, usipitishie msaada kwa mama. Mwite yeye, mkae, muulize anataka kufanya nini. Huenda ni nyavu, huenda ni taa za sola, huenda ni mkewe kuanika dagaa kwenye vichanja badala ya mchangani, kwani dagaa wasio na mchanga wana bei nzuri. Na umwambie waziwazi kwamba kumtunza mama ni kazi, na kwamba unaiona.

Muuguzi Mstaafu

Naunga mkono. Mnunulie huyo kijana kipimo cha presha cha mkononi na umfundishe kukitumia: mama akae ametulia dakika tano, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza. Namba aandike yeye.

Binti wa Ujiji (mleta uzi)

Nawashukuru wote kwa moyo wangu wote. Jana usiku nilimpigia mdogo wangu simu, tukazungumza kwa zaidi ya saa nzima, jambo ambalo hatujalifanya tangu mazishi ya baba. Dawa za magoti mama anazo, na zinatoka dukani kama alivyosema muuguzi. Jumatatu mdogo wangu atampeleka hospitali akiwa amebeba pakiti zote. Mtoto wangu mkubwa amevuka umri, hivyo fomu ya mama naijaza wiki hii.

Nilimuuliza kama alijua kuhusu vidonge vilivyokatwa. Alinyamaza, kisha akasema alijua tangu mwaka juzi, na kwamba aliwahi kunipigia ili anieleze, lakini kabla hajamaliza salamu nilimuuliza anataka shilingi ngapi.