Sarafu ya Kigiriki ina kashimo katikati pande zote mbili, nimepigwa?

Mtoto wa Isevya
Wakuu habari. Mimi nakusanya sarafu za heller za Mjerumani, zile za 1916 zilizogongwa hapahapa Tabora kwenye karakana ya reli, sasa nikavutiwa na za shaba za Wagiriki wa kale zenye miungu yao nikaagiza moja Ulaya, risiti ninayo. Kubwa, nzito, upande mmoja mzee wa ndevu ana pembe za kondoo, upande wa pili tai. Sasa katikati kuna kashimo, huku na huku, halafu tangu mvua zianze imetoa vidoa vya unga wa kijani mpauko, ukigusa unabaki kidoleni. Ni feki?

Fundi Gongoni
Piga ndimu na chumvi, sugua na mswaki, itang'aa kama mpya.

Bint Ujiji
Ndimu hapana jamani, utaiua! Mleta mada, kashimo kasikutishe, sarafu nyingi za shaba za akina Ptolemy, wale wafalme wa Kigiriki waliotawala Misri baada ya Alexander, zinako, ni alama ya mafundi walivyoandaa bamba kabla ya kuligonga. Huyo mzee ni Zeus Ammon, yaani Zeus kaunganishwa na Amun wa Wamisri, pembe ni za Amun, na tai ni ndege wa Zeus, mwangalie miguuni kakanyaga radi. Feki itafute ukingoni, ukiona mstari wa kuungia au vitundu vya mapovu shuku imemiminwa, za kweli ziligongwa kwa nyundo.

Cha kuogopa ni huo unga. Ni chumvi za klorini zikikutana na unyevu, zinaila shaba kwa ndani. Utoe taratibu kwa kijiti cha meno, loweka sarafu kwenye maji safi ya kuongezea betri za magari (SIO asidi), uwe unayabadilisha kwa wiki kadhaa, kisha ikauke kabisa, kopo lifunge vizuri na vile vipakiti vya kukaushia vya kwenye boksi la viatu. Usiichanganye na heller zako. Ule ukijani mgumu uliogandamana uache, ndio unailinda.

Mtoto wa Isevya
Ukingo uko safi, nashukuru sana dada. Radi nimeiona! Sasa namtaka Perseus, yule shujaa wa hadithi zao aliyemkata kichwa Medusa, mwanamke mwenye nywele za nyoka, yupo kwenye shaba?

Bint Ujiji
Yupo, tafuta za Amisos, mji wa Kigiriki pwani ya Bahari Nyeusi, enzi za mfalme Mithradates VI wa Ponto. Kasimama kashika kichwa cha Medusa, mwili umelala miguuni pake. Muombe muuzaji picha ya ukingo kabla hujalipa.