Kundi la jamaa wa Langoni, Lamu: taulo za bi harusi

Mama: Assalamu alaykum jamaa. Niko dukani Mombasa, nachagua taulo za bi harusi. Za kawaida ni sentimita 70 kwa 140. Kuna hizi kubwa, 100 kwa 150. Nichukue zipi?

Dada: Waalaykum salaam. Kubwa, Mama! Nyumba ile, ukitoka kuoga lazima ukate kiwanda chote, ule ua wa ndani, ndipo ufike chumbani. Na wageni wamekaa pale.

Ami: Vikoi vipo tele lakini

Shangazi: Kikoi hakinyonyi vizuri maji ya nywele, Ami. Mama, jifunge moja hapo hapo juu ya buibui. Ianzie kwapani.

Mama: Imeshuka chini ya goti. Ncha zimepishana vizuri mbele.

Shangazi: Hiyo ndiyo. Sasa soma lebo, gramu ngapi kwa mita ya mraba?

Mama: Moja 650, nyingine 400. Hii ya 650 mashallah, mkono unazama!

Shangazi: Iache. Kipande hicho ni mita moja na nusu ya mraba, kwa hiyo ni karibu kilo nzima ikiwa kavu. Ikiroa, mtoto ataikamua na nani? Na mvua za Mei, unaanika asubuhi, jioni pindo bado bichi, kesho yake inanuka uvundo. Ya 400 ni gramu 600 tu, upepo wa darini unaikausha.

Dada: Kweli. Na uvundo ukishaingia, kuongeza sabuni ni kuharibu, inabaki kwenye nyuzi. Mimi hutia siki kidogo kwenye maji ya kusuuzia.

Mama: Na dawa ya kulainisha nguo nibebe?

Shangazi: Hapana! Inaacha utando kwenye pamba, taulo inateleza mwilini bila kunyonya. Maji yetu ya kisima yana chumvi, ndiyo maana taulo hukakamaa. Ikung'ute kwa nguvu kabla ya kuanika, na ikikauka ukung'ute tena, vile vitanzi vya nyuzi visimame. Pasi usiipitishe, inavilaza.

Mama: Haya, nne za 400, pamba tupu. Pindo zimeshonwa mara mbili, nimetazama. Ami, nazituma na basi la kesho, utanipokelea gatini Mokowe?

Ami: Inshallah, nitavuka na boti ya mapema

Shangazi: Ziletwe kwangu kwanza nizifue. Taulo mpya hainyonyi vizuri mpaka ile dawa ya kiwandani itoke. Ya rangi nitaifua peke yake.