Mama anaiona bahari mara ya kwanza: tulale Posta, Oysterbay au Kunduchi?

MamaWawili_Nzuguni
Mbukwenyi wakuu. Mama yangu ana miaka 71, amezaliwa na kukulia Kongwa, na hajawahi kuiona bahari. Mwezi wa sita shule zikifungwa tunampeleka Dar: mimi, mume wangu, watoto wawili (11 na 7) na yeye mwenyewe. Tunashuka kutoka Dodoma na treni ya SGR Ijumaa, tunarudi Jumatatu jioni, kwa sababu Jumatatu asubuhi ana kliniki ya moyo Taasisi ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili.

Tumedunduliza tangu mwaka jana ili safari hii tulale kwenye hoteli ya kampuni kubwa za kimataifa. Si kwa ajili ya fahari. Mara ya mwisho tulipokwenda Dar tulilala mahali ambapo sitapataja, tukapewa chumba ghorofa ya nne, lifti mbovu, na usiku maji yakakatika. Tulikuwa na mama mkwe mwenye magoti mabaya. Alipanda zile ngazi huku ameshika ukuta na hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kwa hiyo nataka lifti, jenereta, AC inayofanya kazi, na mtu wa kupokea simu mapokezi hata saa nane usiku.

Nimechuja nimebaki na maeneo matatu. Posta, katikati ya jiji, kuna Four Points ya New Africa, Hyatt Regency, Johari Rotana, Serena na Southern Sun. Upande wa Sea View kuelekea Oysterbay kuna Protea Courtyard. Ufukwe wa kaskazini kuna Ramada Resort. Watoto wanataka ufukweni. Mume wangu anataka Posta kwa sababu ana manunuzi Kariakoo. Mama anasema popote. Mnishauri, tafadhali.

BabaJunior_Ilazo
Dada, peleka familia kaskazini, Kunduchi au Mbezi Beach. Mtu hajawahi kuona bahari halafu unamlaza katikati ya maghorofa? Kule mama anaamka, anafungua pazia, anaona maji. Watoto wanashuka na kandambili, wanachezea mchanga, wanarudi kula. Posta hakuna pa kuogelea, bahari ya pale ni bandari. Sisi tulikwenda Desemba, siku tatu nzima hatukutoka nje ya geti na hakuna aliyechoka.

Hamia_na_Wizara
Mleta mada, nimefanya kazi Posta miaka tisa kabla ya wizara yetu kuhamia huku Dodoma, kwa hiyo niruhusu niandike kirefu.

BabaJunior hajakosea kuhusu ufukwe. Ila yeye alikwenda kupumzika, na wewe una miadi ya hospitali Jumatatu asubuhi. Hapo ndipo kila kitu kinabadilika. Dar haipimwi kwa kilomita, inapimwa kwa foleni. Kutoka Kunduchi unaingia Bagamoyo Road, Mwenge, Morocco, Ali Hassan Mwinyi Road, na Jumatatu asubuhi jiji zima linaelekea mjini pamoja na wewe. Ongeza ujenzi wa njia za mwendokasi kwenye barabara hiyo hiyo, kama bado unaendelea. Mgonjwa wa moyo mwenye miaka 71 asikae garini muda wote huo, tena pengine bila kula, maana vipimo vingine vinataka tumbo tupu.

Mimi huwa nachukua karatasi na kuandika sehemu ambazo miguu yangu itakanyaga, saa kwa saa. Zako ni hizi: stesheni ya SGR, bahari, Muhimbili, Kariakoo, stesheni tena. Stesheni iko Sokoine Drive. Kariakoo iko nyuma yake. Muhimbili iko Upanga, inayopakana na Posta. Bahari iko mbele ya Posta yenyewe. Katika safari yako yote hakuna kitu kinachokupeleka Kunduchi isipokuwa kitanda.

Sasa ndani ya Posta kwenyewe, hoteli hizo haziko sawa. Johari Rotana iko Sokoine Drive, barabara ile ile ya stesheni na ya boti za Zanzibar. Ukishuka na mizigo na watoto wamesinzia, ni hatua ndogo kwa teksi. New Africa iko Azikiwe, kona ya Sokoine Drive, ukitoka unakutana na kanisa la Azania Front na maji ya bandari. Hyatt, ambayo wenyeji bado tunaiita Kilimanjaro, iko Kivukoni, inatazama bandari moja kwa moja. Southern Sun iko Garden Avenue, jirani na bustani ya mimea na Makumbusho ya Taifa, pametulia kuliko kote nilikokutajia, na bustanini kuna tausi. Serena iko Ohio Street, ina bustani kubwa na bwawa, na kwa kwenda Upanga imekaa vizuri.

Kama ningekuwa natoka na mama yangu, ningechagua kati ya New Africa na Southern Sun. Moja kwa ajili ya maji, nyingine kwa ajili ya utulivu.

NesiWaIpagala
Naunga mkono Posta. Nilimsindikiza baba kliniki hapo hapo Muhimbili mwaka jana. Siku ya miadi fika mapema sana, uwe na barua ya rufaa, kadi ya bima na majibu ya zamani kwenye bahasha moja. Hotelini omba usiku wakufungie kifungua kinywa cha kubeba, mama ale baada ya vipimo. Hoteli nyingi za aina hiyo zinakubali ukisema mapema, wala si ombi la ajabu.

Jingine ni hali ya hewa. Mtu wa Kongwa amezoea hewa kavu na usiku wa baridi. Dar hata kukiwa na upepo wa kusi wa mwezi wa sita, unyevu unamwelemea. Asitembee juani kati ya saa sita na saa tisa, na AC isipulize kitandani kwake usiku kucha. Omba chumba ambacho feni ya AC haielekei kichwani pa kitanda.

BabaJunior_Ilazo
Hospitali sikuiona vizuri kwenye maelezo, nakiri. Basi Posta. Lakini watoto wapewe angalau jioni moja Coco Beach.

Hamia_na_Wizara
Hilo jepesi siku hizi. Kuna Daraja la Tanzanite tangu 2022, unaingilia pale hospitali ya Aga Khan unatokea Oysterbay karibu na Coco. Linapita juu ya maji, kwa hiyo mama ataiona bahari kushoto na kulia kabla hata hajashuka garini. Nenda Jumamosi saa kumi na moja, mle mihogo ya kukaanga. Jumapili jioni watu ni wengi mno kwa mtoto wa miaka 7. Kwa njia hiyo Protea Courtyard nayo si mbaya, iko upande huo huo wa Aga Khan.

Mzee_AreaC
Binti yangu, nimesoma mada yako tangu juu. Naongeza jambo moja kuhusu hayo majina makubwa, kwa sababu vijana wengi wanalipia jina.

Hoteli ya Kilimanjaro ilifunguliwa mwaka 1965. Baadaye ikawa Kempinski, sasa Hyatt. Serena ya leo sisi tuliijua kama Sheraton, ikawa Royal Palm, ikawa Mövenpick. New Africa ina historia ndefu zaidi, kiwanja kile kilikuwa na hoteli ya Wajerumani ikiitwa Kaiserhof, na leo kuna Four Points, jina la kampuni ya Marriott. Protea nayo iliingia Marriott mwaka 2014. Kampuni hizi mara nyingi hazimiliki jengo. Zinaliendesha kwa mkataba, au zinamruhusu mwenye jengo kutumia jina lao kwa masharti. Mkataba ukiisha, kibao kinashushwa, kingine kinapandishwa. Kiwanja hakihami. Dodoma Hotel nayo ilijengwa mbele ya stesheni ya reli na mpaka leo ukishuka treni ya zamani unaiona hapo hapo. Walioijenga walijua msafiri anataka nini.

Jina linakupa kitu kimoja cha kweli: viwango vinavyokaguliwa. Lifti itafanya kazi, king'ora cha moto kitakuwepo, mapokezi hayafungwi. Kwa mama yako hilo lina thamani. Lakini jina likishakuhakikishia hayo, lisikuongoze tena. Angalia ramani.

MamaWawili_Nzuguni
Mzee shikamoo, na asante sana. Nilikuwa nimeshaanza kuvutwa na moja kwa sababu ya picha za bwawa tu.

Naomba anayejua upande wa malipo anisaidie. Tovuti nyingine zinanionyesha dola.

Mhasibu_Kisasa
Dada, dola isikutishe. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza bei za huduma hapa nchini kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni kwa mtu wa ndani. Tovuti za nje zinaweza kuonyesha dola, lakini ukipiga simu hotelini wakutajie shilingi, na wakuandikie kwenye barua pepe.

Ukiwa kwenye simu, usiulize "chumba bei gani" ukakata. Uliza kama bei ina kodi ya VAT ndani yake. Uliza kama ina kifungua kinywa cha watu wote watano au cha wawili tu, hapa ndipo familia zinapoumia. Uliza watoto wanahesabiwa vipi, maana hoteli moja inamlaza mtoto wa miaka 11 bure kwa wazazi, nyingine inamtoza kitanda cha ziada. Uliza amana, kwa sababu kuna zinazoshikilia fedha kwenye kadi mpaka utoke na huchukua siku kadhaa kurudi. Mimi ilinitokea, nikakaa wiki bila ile hela na nilikuwa nimeipangia ada ya shule.

Na kama kliniki ikiahirishwa? Bei ya chini kabisa mtandaoni mara nyingi hairudishwi. Kwa safari ya mgonjwa, lipa kidogo zaidi upate inayoruhusu kuahirisha.

Bahati yako nyingine ni siku ulizochagua. Hoteli za Posta zinaishi kwa wafanyabiashara na mikutano, zinajaa katikati ya wiki. Ijumaa hadi Jumapili huwa zina nafasi ya kuzungumza bei. Zungumza.

NesiWaIpagala
Vyumba viwili vyenye mlango wa ndani, usisahau. Mama asilale peke yake mbali na ninyi, na asilale na watoto wanaoruka kitandani.

Tumaini_wa_Chamwino
Mimi sijui hoteli ila najua watoto. Makumbusho ya Taifa pale Shaaban Robert wapelekeni Jumamosi asubuhi. Wangu walisimama mbele ya maelezo ya Zinjanthropus, lile fuvu la kale lililopatikana Olduvai 1959, wakaniuliza maswali mpaka tunarudi Dodoma. Kama mko Southern Sun mnatembea kwa miguu.

MamaWawili_Nzuguni
Narudi na majibu, kwa faida ya wengine watakaokuwa na mzazi.

Nimepiga simu hoteli nne za Posta, jana na leo. Bei sitaandika kwa sababu zilibadilika hata kati ya jana na leo. Orodha ya Mhasibu niliishika mkononi. Mbili zilikuwa na vyumba vyenye mlango wa ndani. Moja kati ya hizo mbili ilikuwa ghali kidogo ila kifungua kinywa ni cha wote watano, na ukijumlisha ndiyo ikawa nafuu. Zote mbili zilikubali kifungua kinywa cha kubeba. Nilipomwambia yule binti wa mapokezi kwamba ni mama mzee na ni mara yake ya kwanza, akaniambia ataandika kwenye nafasi yetu tupewe ghorofa za chini, karibu na lifti. Sikumwomba. Nilimshukuru mpaka nikasahau kuuliza amana, ikabidi nipige tena.

Tumechukua New Africa. Mume wangu alipiga hesabu ya stesheni na Kariakoo, mimi nilipiga hesabu ya mama kutoka mlangoni na kufika majini kwa hatua zake mwenyewe, bila kupanda gari. Southern Sun ilibaki nyuma kidogo tu, na watoto tausi tutawapeleka kuwaona.

Swali la mwisho. Boti ya Zanzibar mama anaiogopa. Kuna namna apande chombo kidogo tu, hata kwa dakika chache?

Hamia_na_Wizara
Pantoni ya Kigamboni. Mnatembea ufukwe wa Kivukoni mpaka Feri, nauli ni ndogo, mnavuka mlango wa bandari, mnanunua maji ya dafu ng'ambo, mnarudi. Nendeni Jumapili asubuhi, siku za kazi watu wanasukumana. Mshikeni mkono wakati wa kuingia, kile kipande cha chuma huwa kinateleza. Na msubirini meli kubwa ikiingia bandarini, mkiwa majini mtaona ilivyo ndefu.

Mzee_AreaC
Vizuri sana, binti yangu. Mpe mama salamu zangu.

MamaWawili_Nzuguni
Nimempigia kumweleza mipango yote. Hakuuliza hoteli hata kidogo. Ameuliza kama maji yale ni ya chumvi kweli, na kama ataruhusiwa kuchota kwenye chupa arudi nayo Kongwa, wenzake waonje. Chupa nimeshaweka kwenye begi.